Dawa ya Kumtuliza Sifa

Hippolyte aliingia dukani Ijumaa saa tisa mchana, na kabla hajafungua mdomo nilijua amekuja kuniaga. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani siku ya kazi. Hakunitazama. Alisimama akisoma maandishi kwenye magunia ya chakula cha kuku kana kwamba atafanyiwa mtihani.

"Umepotea," nikamwambia.

"Nilikuwa nafunga mizigo."

"Tangu Jumatatu?"

"Mama ana mizigo mingi, Nakhisa."

Mama yake, Mama Benedicte, ni mjane kutoka Butembo, Kongo, anayeuza vitenge katika soko la Owino. Alikuwa anahamia Kasese kwa kaka zake, na alikuwa anamchukua mwanawe wa pekee. Biashara, alisema. Lakini Kasese kulikuwa na binti wa kwaya aliyekwisha kutajwa jina mara tatu mezani, na mimi nilikuwepo mara moja kati ya hizo tatu. Mimi ni Mkenya wa Kimilili. Nashinda hapa Kalerwe, Kampala, nikiuza dawa za mifugo na kuwashika mbwa wanapodungwa sindano. "Mikono yake inanukaka mbwa," Mama Benedicte alisema siku ya kwanza niliyokwenda kwake, nami nimesimama pale pale na sahani yake mkononi. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Wali ulikuwa na njegere. Vitu kama hivyo mimi sivisahau.

"Nimetumwa," akasema Hippolyte.

"Kumbe hukuja, umetumwa."

Hapo akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hasira yangu ikalegea kidogo, nikaivuta tena.

"Ni Sifa," akasema. "Dereva amekataa kumpakia."

Sifa ni mbwa wao, jike la rangi ya kahawia lenye sikio moja lililoraruka. Baba yake Hippolyte ndiye aliyemvusha mpaka wa Kongo, ndani ya katoni ya sabuni, angali mtoto. Mzee alifariki mwaka uliofuata, hapa Kampala, na tangu siku hiyo Sifa alikuwa akilala mlangoni kwa Mama Benedicte. Januari alimuuma dereva wa lori, Erinayo, kwenye paja. Erinayo akaapa kwamba mbwa huyo atapanda gari lake akiwa amelala au hapandi kabisa.

"Mama anasema umpe vidonge vya kumlaza. Viwili tu. Kesho saa tatu tunaondoka."

Nikavuta daftari. "Ana kilo ngapi?"

"Nani?"

"Wewe! Sifa, Hippolyte."

Akacheka bila kutaka. "Sijui. Ni kama majora mawili ya kitenge."

"Mbwa hapimwi kwa majora. Umri?"

"Kumi na mmoja."

"Bado anakohoa usiku?"

"Anakohoa. Akipanda ngazi anasimama katikati."

"Mmemwogesha dawa ya kupe lini?"

"Jana. Mama hakutaka kuwapelekea wajomba kupe."

"Dawa gani?"

"Ile ya ng'ombe. Jirani alitugawia kwenye chupa."

"Na kwenye lori atakaa wapi?"

"Nyuma. Juu ya marobota, chini ya turubai."

Nikafunga daftari. "Hapana."

"Nakhisa..."

"Hapana, nimesema. Sikupi hata nusu."

Msomaji, utaniona mkaidi. Lakini kabla sijaja Kalerwe nilikuwa mfagiaji katika duka jingine ambalo sitalitaja. Siku moja ya Desemba alikuja mlinzi wa geti kutafuta dawa ya mbwa wake aliyekuwa akiogopa fataki za mwaka mpya. Mwenye duka alikisia uzito, na mbwa mwenyewe hakuwepo. Mimi ndiye niliyefunga vile vidonge kwenye kipande cha gazeti. Tarehe moja asubuhi mlinzi alirudi ameshika kamba tupu. Mbwa aliitwa Bosko. Mwenye duka akamwambia, "Mbwa ni mbwa, tafuta mwingine," akarudi kunywa chai yake. Mimi sikusoma chuo. Kuanzia siku ile nilisoma kila karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, na maneno nisiyoyajua nikampelekea Daktari Acen wa kliniki ya mifugo hapa jirani, mpaka akachoka kunijibu akanipa kazi katika duka lake hili.

"Sikiliza," nikamwambia Hippolyte. "Dawa hii haimlazi. Inamfunga miguu tu. Hofu inabaki ndani pale pale. Atasikia honi, atataka kukimbia, mwili utakataa. Presha inashuka, na moyo wake ni mzee. Joto la mwili linampotea akiwa kwenye baridi, na kwenye jua anaungua. Na dawa ya kupe bado iko kwenye ngozi. Zingine hazipatani na hii kabisa, na wewe hata jina lake hulijui. Halafu umfunge chini ya turubai kwa saa nane, peke yake, nani atamwona akizidiwa?"

"Sasa nikamwambie nini Mama?"

"Mlete kesho saa mbili. Daktari Acen ampime uzito, amsikilize moyo. Dawa ikifaa, ataamua yeye ni ipi na kiasi gani. Isipofaa, Sifa akae mbele miguuni pako, na kifunga mdomo, na lile shuka lake analolalia."

"Erinayo hatakubali mbele."

"Basi Erinayo abebe mihogo, asibebe watu."

Akasogeza gunia kwa mguu. Lilikuwa halina haja ya kusogezwa.

"Mama alisema utakataa," akasema taratibu. "Alisema, utaona, yule msichana atatafuta sababu. Atakataa kwa sababu hataki uende."

Nje, mama mmoja alikuwa akibishana na muuza nyanya. Nilisikia kila neno lake.

"Na wewe unasemaje?" nikauliza.

Akarudi kusoma maandishi ya magunia.

"Hippolyte. Mama yako nimemsikia. Nakuuliza wewe."

"Mimi sitaki ugomvi."

"Sikukuuliza kama unataka ugomvi. Unaniamini au huniamini?"

Mkono wake ulikuja juu ya kaunta, karibu na wangu, ukasimama hapo kama unaomba ruhusa. Miezi kumi na minne nilikuwa nimeupenda mkono ule. Nikautoa wangu.

"Watu wanakusifu," nikamwambia. "Kijana mpole, kijana mtulivu. Mimi nakujua. Hujatulia wewe. Umefungwa miguu tu."

Maneno yakamwingia. Niliona yanavyomwingia, na nikatamani kuyarudisha, na sikuyarudisha.

"Sawa," akasema.

Akatoka. Hata kwaheri hakusema.

*

Jumamosi saa mbili nilisimama mlangoni pa kliniki. Saa mbili na nusu nilikuwa bado nimesimama. Simu ikalia.

"Njoo," akasema Hippolyte. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Sifa amelala macho wazi. Namwita, hageuki."

Sikumuuliza nani, wala nini. Nilichukua kipima joto na blanketi, nikapanda boda kuelekea kwao Kabalagala, na nikiwa juu ya boda nikampigia Daktari Acen.

"Nimecheleweshwa, ndiyo kwanza natoka Gayaza," akapaza sauti. "Nitakuwa kliniki saa nne. Mpashe joto, mlaze kifua chini, shingo inyooke. Usimpe kitu mdomoni, umesikia? Hata maji. Halafu mlete."

Lori lilikuwa uani, limepakiwa hadi juu. Erinayo ameegemea mlango akila mahindi. Na pale kwenye saruji alilala Sifa, amelowa chapachapa, ndoo tupu kando yake. Walikuwa wamemmwagia maji baridi ili azinduke, jinsi wanavyomfanyia mtu aliyezimia kanisani. Mama Benedicte alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mbwa juu ya paja lake, na mkononi chupa ya soda iliyojaa maziwa.

"Mama, hapana!" nikapiga kelele nikiwa bado getini. "Maziwa hapana!"

"Weye nani alikuita?"

"Mimi nilimwita, Mama," akasema Hippolyte.

"Maziwa inaondoaka sumu. Kila mutu anajua!"

"Hamezi, Mama. Mguse ulimi, uone. Yakiingia yataenda kwenye mapafu. Atazama hapa hapa kwenye saruji."

"Mimi nilikulaka muhogo ya sumu nikiwa mutoto, mama yangu akanipa maziwa, nikapona! Na ule alikuwa mama, hakusoma karatasi!"

"Ulikuwa unameza. Yeye hawezi."

"Weye ulikatala kumusaidia jana. Leo unakataza na maziwa?"

Akainamisha chupa. Nilikuwa mbali hatua nne, na sikuwa na haki yoyote katika nyumba ile. Nikamtazama Hippolyte. Jana nilikuwa nimesema vya kutosha.

Alipiga magoti mbele ya mama yake, akaushika mkono ulioshika chupa. Akaukaza.

"Unanishika mukono?" Mama Benedicte hakuamini. "Mimi?"

"Nakushika, Mama. Nisamehe. Mwachie Nakhisa."

"Hippolyte..."

"Mwachie."

Chupa ikaanguka, maziwa yakakimbia kwenye nyufa za saruji. Mama Benedicte akabaki akiutazama mkono wake kama si wake.

Nikaingia kazini. Fizi za Sifa zilikuwa nyeupe. Kipima joto kikasema nyuzi thelathini na tano na nusu, na mbwa anapaswa kuwa na thelathini na nane. Pumzi zilikuwepo, za polepole.

"Alipewa nini?"

Mama Benedicte akachomoa bahasha kifuani. Vidonge viwili vya manjano vilibaki ndani. Hakuna jina juu yake, hakuna tarehe.

"Amekula vingapi?"

"Mbili saa kumi na mbili, ndani ya bugali. Saa moja bado alikuwa anasimama, ananguruma, na huyu anapiga honi tu." Akamwonyesha Erinayo kwa kidevu. "Nikaongeza mbili."

"Nani alikuuzia?"

"Mutu wa Owino. Anauzaka na dawa ya panya."

"Hakukuuliza uzito? Umri? Moyo?"

"Hakuuliza kitu. Ni mutu wa heshima."

Ningeweza kumjibu. Jibu nilikuwa nalo, la siku nyingi. Lakini vidole vyake vilikuwa vinalipapasa sikio la Sifa lililoraruka.

"Nahitaji nguo kavu," nikasema. "Nyingi. Blanketi langu halitoshi."

"Zote ziko kwenye marobota," akasema Hippolyte. "Zimefungwa."

Mama Benedicte alinyanyuka. Akaingia jikoni, akarudi na kisu, akapanda gurudumu la lori kwa magoti yake mabovu, akaikata kamba aliyokuwa ameikaza kwa siku nne. Robota likafunguka. Vitenge vipya, ambavyo mikunjo yake haikuwahi kuguswa, vikaanguka juu yetu vya njano na vya zambarau.

"Chukua," akasema. "Chukua zote."

Tukamkausha Sifa, tukamvika. Hippolyte akajaza maji ya moto kwenye chupa, nikazizungushia nguo zisimuunguze, nikaziweka ubavuni. Mikono yetu ikakutana chini ya kitenge. Hakuna aliyeutoa wake mara hii.

Erinayo akapiga honi.

Sifa, aliyekuwa kama maiti, aliinua kichwa ghafla na kunikamata mkono kwa meno. Mara moja, kisha kichwa kikaanguka. Damu ikatoka kidogo juu ya kiganja. Nilijua hilo linaweza kutokea, mbwa wa dawa hii hushtuka akauma bila kunguruma, na bado nilikuwa nimesahau kumfunga mdomo. Kosa langu hilo naliandika hapa na mengine.

Hippolyte alikuwa amekwisha simama.

"Erinayo! Ukigusa honi hiyo tena nitakutoa humo kupitia dirishani!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia.

"Ssebo, bwana, mimi iko na safali lefu," Erinayo akajitetea. "Saa inaenda. Mbwa kwanza, watu baadaye?"

"Ndiyo. Mbwa kwanza. Washa gari, tunampeleka Kalerwe. Atakaa mbele."

"Mbele? Akiamka aniume mguu mwingine?"

"Una bahati unao," nikasema, nikimfunga Sifa mdomo kwa utepe, taratibu, apumue.

Tukaenda hivyo, wanne na mbwa ndani ya kichwa cha lori, Sifa juu ya magoti ya Hippolyte. Mama Benedicte alikuwa amebanwa ubavuni kwangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye mbavu za mbwa, nikihesabu pumzi. Kila niliponyamaza kidogo aliniuliza, "Iko?" nami nikamjibu, "Ipo, Mama." Tulipofika Wandegeya alikuwa ameuliza mara kumi na mbili.

*

Daktari Acen alimtundikia dripu, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akaviangalia vile vidonge na kutikisa kichwa. "Huyu hana dawa ya kumwamsha," alituambia. "Ni joto, maji na kusubiri. Msimwache peke yake." Saa saba joto lilifika thelathini na saba. Saa tisa Sifa alitikisa mkia mara moja, kwa uvivu, na Mama Benedicte akaingia chooni akakaa humo muda. Alitoka macho yamevimba.

Akaja kukaa nami kwenye benchi. Hippolyte alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mkono juu ya mbwa.

"Unajua," akasema Mama Benedicte, "watu wote walilalaka katika nyumba yetu ya Butembo walikwisha kufa, ama walikwisha potea. Tulibakia watatu. Mimi, ii mutoto, na ii mbwa."

"Sikujua, Mama."

"Nilikuwa naogopa kumwacha. Nikamupa sumu."

"Hukumpa sumu. Ulipewa dawa na mtu asiyeuliza."

Akanipangusa damu iliyokauka kwenye kiganja, kwa ncha ya kitenge chake, bila kuniomba. Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye kile kiganja:

"Jana ulikatala juu haukupenda mutoto yangu aende. Sema kweli."

Hippolyte aliinua kichwa.

"Sikutaka aende," nikasema. "Leo bado sitaki. Nikilala nawaza Kasese, na sijawahi kufika. Lakini hiyo si sababu ya kukataa dawa, Mama. Hayo ni mambo mawili, na yote ni ya kweli."

Daktari Acen akaingia akivua glavu.

"Mimi narudi Gayaza, kuna ng'ombe anazaa vibaya. Nakhisa, mkague leo na kesho. Siku ya kusafiri nakuachia wewe useme."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Wote wawili wakanigeukia.

"Basi sema," akasema Mama Benedicte. "Ataweza safari siku gani?"

Nilimtazama Hippolyte. Kosa. Macho yake yalikuwa yananiomba, waziwazi, bila aibu: sema wiki. Sema mwezi. Mbwa mzee huyu, moyo huu mbovu, nani angenipinga? Neno moja lilitosha kumweka Kampala mpaka yule binti wa kwaya aolewe na mwingine. Nilikuwa nalo ulimini.

"Jumatatu," nikasema. "Kesho akila, na akisimama bila kuyumba. Asipewe dawa yoyote. Akae mbele, dirisha wazi kidogo, msimame njiani anywe maji. Na mtu anayemjua amshike."

Hippolyte alifumba macho.

Mama Benedicte hakuyafumba yake. Alinitazama jinsi anavyokagua kitenge kabla hajakinunua, upande huu na upande ule.

"Ungesema mwezi moja, ningeamini."

"Najua, Mama."

"Na yeye angebakia."

"Angebakia."

"Sasa unalia nini?"

"Silii. Ni dawa za humu ndani."

Akaguna. Nje Erinayo alikuwa amelala chini ya lori lake, miguu imetokeza. Mama Benedicte aliitazama ile miguu kupitia dirishani kwa muda, midomo yake ikipanga mambo.

"Hippolyte."

"Ndiyo, Mama."

"Jumatatu utatupeleka, mimi na Sifa. Utashusha mizigo. Alhamisi utarudi Kampala."

Akakaa wima. "Nirudi?"

"Na haurudi peke yako. Wajomba yako wawili wako kule wanakula bure. Uwalete. Mutu hawezi kuuliza binti ya watu bila wajomba, tunafanana na wezi?" Akanigeukia. "Kwenu wanapokeaka wageni siku gani?"

Moyo wangu ulifanya jambo ambalo Daktari Acen angeliandika kwenye faili. Lakini mimi ni mimi.

"Kwetu, Mama, kwanza msichana mwenyewe huulizwa."

Alinikazia macho. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha kwanza kunipa tangu Pasaka ile, akampiga mwanawe begani kwa kiganja.

"Unasikia? Uliza! Mimi naangalia mbwa."

Hippolyte alisimama. Nguo zake zilikuwa na manyoya, maziwa na vumbi, na lile shati la kanisani la jana lilikuwa limekwisha haribika. Alikuja mpaka mbele yangu, na mara hii hakusoma chochote kilichoandikwa ukutani.

"Jana uliniuliza kama nakuamini," akasema. "Nilikuamini. Kila neno. Nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa Mama."

"Jana ndiyo nilihitaji kuyasikia."

"Najua."

"Nilisimama pale kama mwongo, Hippolyte, nyuma ya kaunta yangu mwenyewe. Saa tisa na robo. Sitasahau."

"Usisahau."

"Nitakukumbusha nikiwa bibi wa miaka themanini."

"Nikumbushe," akasema, akaushika ule mkono wenye jeraha. "Nitakuwa karibu, niyasikie."